Maziwa yanakatika ilhali vyombo vinaoshwa kila usiku: kasoro iko wapi?

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, ameuliza hivi:

"Assalaam aleikum. Nina duka la maziwa lenye mashine ya ATM ya kuuzia maziwa, ya lita 100, na pia natengeneza mtindi kidogo. Maziwa huletwa alfajiri kutoka upande wa Kilifi yakiwa yameshapasteurishwa (yaani kupashwa moto ili vijidudu vife) na kupozwa, katika madebe yangu mwenyewe ambayo dereva huyachukua usiku yakishaoshwa. Kila usiku twaosha madebe na mashine kwa maji yanayochemka na sabuni ya unga ya kufulia, kisha twatia dawa ya klorini kwa wingi na kuiacha mpaka asubuhi. Juu ya hayo yote, wateja wanaonunua alasiri hulalamika kwamba maziwa yakatika wakiyachemsha, na mtindi siku nyingine hukataa kabisa kuganda. Ndani ya madebe kumeshika weupe kama chaki, hautoki hata kwa waya. Mwanangu asema nichanganye dawa ya klorini na ile asidi ya kuoshea choo, weupe utoke na vijidudu vife kwa mara moja. Maji yetu ni ya kisima. Naomba ushauri wako."

Wa aleikum salaam, dadangu. Nitaanza na pendekezo la mwanao, kwa kuwa mengine yote yanaweza kungoja na hilo haliwezi. Dawa ya klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini papo hapo, nayo ni gesi ileile iliyotumiwa kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, mnamo Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu, kwa hiyo haipandi ikatokea dirishani, bali hutanda chini, pale pale alipochutama mtu anayesugua debe. Asidi ya choo ndiyo mbaya zaidi, lakini hata siki na maji ya ndimu hufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake. Mwambie mwanao kwamba nia yake ni njema na kila kimoja kati ya vitu hivyo viwili kina kazi yake, ila visikutane kamwe katika ndoo moja, wala kimoja kisifuate kingine kabla chombo hakijasuuzwa kikamilifu. Ikitokea bahati mbaya vikachanganyika, asiiname kuimwaga ndoo. Atoke nje mara moja, milango iachwe wazi, na akihisi kifua kinabana apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu madhara ya gesi hiyo kwenye mapafu huweza kuchelewa kujitokeza. Tena asidi ya choo aghalabu ni haidrokloriki, ambayo hula hata chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo haifai kugusa chombo cha maziwa hata ikiwa peke yake.

Sasa tuje kwenye kiini. Umeeleza kwamba mnatumia maji ya moto sana, sabuni nyingi na dawa nyingi, na bado maziwa yanaharibika. Kwa maoni yangu tatizo lenu limetokana na mambo mawili tu: mpangilio wa kazi na maji yenyewe. Bidii haijapungua hata kidogo. Imewekwa mahali pasipo pake.

Fikiria kile ambacho maziwa huacha ndani ya debe. Kuna mafuta, kuna protini, kuna sukari ya maziwa, na kuna madini, hasa kalsiamu na fosfeti. Kila kimoja kina tabia yake. Sukari huyeyuka kwa maji yoyote. Mafuta hulegea kwa uvuguvugu na huhitaji sabuni ili yaachie. Protini ni kama ute wa yai: ikiguswa na joto kali hubadilika, ikakakamaa na kujigandisha kwenye chuma. Kila mpishi anajua kwamba sufuria iliyochemshiwa mayai yakapasuka haioshwi kwanza kwa maji ya moto. Nanyi kila usiku mnamimina maji yanayochemka kwenye debe lenye utando wa maziwa, yaani mnaupika ule utando ukashika, kisha mnahangaika kuusugua. Suuzo la kwanza linapaswa kuwa la maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi, ambayo mkono unayavumilia bila shida, na lifanywe mara tu debe linapokuwa tupu. Debe likingoja kutoka saa nane mchana hadi saa tatu usiku, katika joto letu la Mombasa, utando huo hukauka, na ulichoweza kukiondoa kwa ndoo moja ya maji utakiondoa kwa shida kubwa.

Madini ndiyo yaliyoleta weupe wako. Katika viwanda vya maziwa huhesabiwa kuwa adui wa kudumu, nami huuita ukoga wa maziwa, kwa kuwa hauna tofauti kubwa na ukoga wa meno: hujengwa tabaka juu ya tabaka, ni mgumu, na ndani yake mna vitundu vidogo ambamo vijidudu hujificha pamoja na chakula chao. Ukoga huu hauyeyuki kwa sabuni, hata ukiweka pakiti nzima, maana sabuni ni ya upande wa magadi na ukoga huyeyushwa na asidi peke yake. Wala hautoki kwa waya. Ule waya wa kusugulia sufuria umekuongezea taabu, kwa kuwa umechora michirizi kwenye alumini, na kila mchirizi ni mtaro ambao burashi haitaufikia tena.

Hapo ndipo maji ya kisima yanapoingia. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Maji yakipita humo huyeyusha chokaa na kuibeba, na kwa kuwa bahari iko karibu, visima vingi vya kisiwani na vya pwani ya kaskazini huwa na chumvi pia. Tazama ndani ya birika lako la chai: lile gamba jeupe lililoshika kwenye kitako ni chokaa iliyoachwa na maji yalipochemka. Kitu kilekile kinatokea ndani ya madebe yako. Kadiri maji ya kisima yanavyokuwa ya moto, ndivyo yanavyoacha chokaa zaidi, na chokaa hiyo ikichanganyika na madini ya maziwa na protini iliyopikwa hupatikana ukoga imara kama simiti. Kuhusu sabuni, maji magumu huipunguzia nguvu: sabuni ya mche hugeuka utelezi mweupe usiosafisha kitu, na ya unga huhitajika kwa wingi zaidi ndipo ifanye kazi ileile. Sabuni ya kufulia, zaidi ya hayo, ina manukato yanayong'ang'ania kwenye mpira na plastiki. Ni bora ununue sabuni ya maji isiyo na harufu, au ile maalumu ya vyombo vya maziwa inayouzwa na wauzaji wa vifaa vya ufugaji.

Watu wengi hudhani kwamba kuyachemsha maji ya kisima huyatengeneza. Kuchemsha huua vijidudu, na hilo ni jambo la maana, kwa sababu matumbawe yana matundu na mashimo ya vyoo hayako mbali na visima vyetu. Lakini chumvi haitoki kwa kuchemshwa. Huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua. Na chumvi ina ubaya wake kwenye chuma. Mashine yako bila shaka ni ya chuma kisichoshika kutu, na jina hilo limewapoteza wengi, maana chuma hicho hushika kutu kikikaa na maji ya chumvi: hutoboka vishimo vidogo kama vya sindano, hasa kwenye viungo na pale maji yanapotuama. Klorini nayo hufanya hivyohivyo ikiachwa usiku kucha. Ninyi mmeviunganisha vyote viwili kila usiku, na ningekuomba upitishe kidole kwenye kitako cha tangi, karibu na tundu la kutokea maziwa, uone kama hapajaanza kukwaruza.

Ushauri wangu ni kwamba maji ya kisima yabaki kwa sakafu, kwa upande wa nje wa madebe na, ikibidi, kwa suuzo la kwanza. Maji ya sabuni na maji ya suuzo la mwisho yawe matamu, hata kama itakulazimu kununua mitungi mitatu au minne ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni, na mitungi hiyo nayo ichunguzwe isiwe na utelezi ndani. Gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na lita 10 za maziwa zinazomwagwa. Wakati wa masika, mvua ni maji laini kuliko yote utakayoyapata; Ngome ya Yesu yenyewe ina birika lililojengwa kwa ajili ya kukinga mvua, wala sioni kwa nini duka la Kisauni lisiwe na tangi lake, mradi maji ya mwanzo yanayosafisha vumbi na kinyesi cha kunguru kwenye mabati yaachwe yapite kwanza, na yatakayobaki yachemshwe.

Kuondoa ukoga uliokwisha kushika kunataka siku maalumu, siku ambayo klorini haitaguswa kabisa. Osha debe kwa sabuni na ulisuuze kama kawaida. Kisha chukua asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa chembechembe unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuokea, koroga gramu 20 katika kila lita ya maji matamu yenye joto la nyuzi 60 hivi, vaa glavu, mimina ndani ya debe na uzungushe kwa burashi ya nailoni kwa dakika 15 hadi 20. Utasikia mchemko mdogo mahali penye chokaa nyingi. Usiiache asidi ilale ndani ya debe la alumini. Mwaga, suuza mara mbili, na urudie wiki ijayo ikiwa weupe haujaisha, kwa kuwa ukoga wa miezi hautoki kwa siku moja. Ukishaisha, kuosha kwa asidi mara moja kwa wiki kutatosha kuuzuia usirudi. Ikiwa unaweza kupata asidi ya fosforiki iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya maziwa, hiyo ni bora zaidi, na vipimo vyake vifuatwe kama vilivyoandikwa kwenye lebo. Kwa upande mwingine, usishawishike kutumia kostiki, yaani soda kali ya viwandani, au magadi makali kwenye madebe ya alumini kwa sababu tu umesikia kwamba viwandani hutumia kostiki. Viwandani hutumia kostiki ya takriban asilimia moja, yenye joto la nyuzi 75, kwenye mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Alumini ikiguswa na dawa hiyo huliwa, ikageuka nyeusi na kutoa mapovu ya gesi.

Baada ya hapo kazi ya kila siku si ngumu. Ni suuzo la uvuguvugu mara tu chombo kinapokuwa tupu, kisha sabuni katika maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia pamoja na burashi inayofika kwenye shingo na chini ya mdomo wa debe, kisha suuzo la maji matamu, kisha kukausha. Dawa ya klorini ndiyo ya mwisho kabisa, nayo itiwe asubuhi dakika chache kabla ya maziwa kuingia, isitiwe usiku. Debe lililotiwa dawa saa tatu usiku huwa limekwisha kupata vijidudu vipya ifikapo alfajiri, hasa likiwa limefunikwa na bado lina unyevu. Kwa madebe, kwa kuwa dereva huyachukua usiku, mpe chupa ya dawa iliyokwisha kupimwa ili yasuuzwe huko huko kabla ya kujazwa, au ukubaliane na wenye maziwa wayafanyie hivyo.

Nisisitize jambo moja kuhusu klorini, maana ndipo pesa nyingi za wafanyabiashara wa maziwa zinapopotelea. Klorini haichagui. Ikikuta protini na mafuta itapambana nayo, ikaisha nguvu kabla ya kuvifikia vijidudu vilivyo chini ya utando. Kumimina dawa juu ya ukoga ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye kuvu. Kwenye chombo kilicho safi kweli, kinachohitajika ni miligramu 100 hadi 200 za klorini kwa lita moja ya maji. Ikiwa chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, mililita 60 katika ndoo ya lita 20 zitakupa miligramu zipatazo 100 kwa lita, na mililita 115 zitakupa takriban 200. Pima kwa bomba la sindano kubwa au kikombe cha dawa ya kikohozi, usipime kwa kifuniko wala kwa macho. Dawa iwe isiyo na manukato, maji yawe ya baridi kwa sababu joto huifukuza klorini, iguse kila sehemu kwa dakika zisizopungua mbili, kisha imwagwe yote na chombo kiinamishwe kichuruzike. Chupa ya dawa ikikaa dirishani penye jua hupungua nguvu, basi ifiche kabatini na ununue chupa ndogo ndogo.

Na hapo ndipo lilipo jibu la mtindi wako unaokataa kuganda. Mtindi unagandishwa na vijidudu vyema ulivyovitia wewe mwenyewe kutoka kwenye mbegu. Mabaki ya klorini nyingi iliyolala chomboni huvidhoofisha au kuviua, na mabaki ya sabuni ya unga pia. Kwa hiyo mashine ina uchafu uliojificha ambao dawa haikuufikia, na chombo cha mtindi kina dawa iliyozidi ambayo haikuwa na uchafu wa kupambana nao. Chombo cha mtindi kisuuzwe kwa maji matamu yaliyochemshwa na kupoa, baada ya kutiwa dawa. Ikiwa baada ya kufanya hivyo mtindi bado unagoma siku moja moja, uliza kwa wenye maziwa kama kuna ng'ombe waliokuwa wakitibiwa kwa antibaiotiki, kwa sababu dawa hiyo hutoka kwenye kiwele, haiondolewi yote kwa kupasteurisha, na mtindi huwa wa kwanza kuisema.

Mashine ya ATM inahitaji maelezo yake. Nimewahi kuitwa kwenye duka moja lililokuwa na tatizo kama lako, tangi likiwa linang'aa hata ungeweza kujitazama. Nilipofungua mfereji wa kutolea maziwa na kuitoa ile raba ndogo ya mviringo iliyo ndani, niliikuta na kamba ya maziwa ya manjano, laini kama jibini, yenye harufu ya soksi. Mwenye duka hakujua kwamba raba hiyo hutoka. Kila glasi iliyouzwa pale ilipitia kwenye kamba hiyo. Basi fungua mfereji kila usiku mpaka kipande cha mwisho, toa kila raba, osha kila kimoja kwa mkono, na uviache vikauke usiku kucha bila kuviunganisha. Raba iliyopasuka au iliyokuwa ngumu haioshwi, hutupwa. Mpira wa kupitishia maziwa kutoka tangini, ikiwa upo, usafishwe kwa burashi ndefu inayopenya mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kupitisha maji peke yake bila nguvu hakuondoi utando. Viwandani maji ya kuoshea husukumwa kwa kasi ya angalau mita 1.5 kwa sekunde ndani ya mabomba, na bomba la duka halina kasi hiyo.

Vyombo vilivyooshwa viinamishwe kwenye chanja, visiwekwe sakafuni wala visifutwe kwa kitambaa. Kitambaa kibichi cha dukani ndicho kitu kichafu kuliko vyote ndani ya chumba. Wafugaji wengi wa kaskazini mwa nchi hufukiza vibuyu vyao vya maziwa kwa moshi wa kuni maalumu, na watu wa mjini huwacheka, lakini desturi hiyo ina akili: moshi una vitu vinavyoua vijidudu, na joto lake hukausha chombo kikawa kikavu kabisa. Ukavu ni nusu ya usafi.

Kuhusu joto la maziwa yenyewe nitasema machache, ingawa si machache kwa uzito. Maziwa yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, hayana vijidudu vingi vinavyoweza kuyachachua kabla ya jioni. Yakikaa kwenye nyuzi 4 hudumu siku kadhaa. Yakikatika siku hiyohiyo, vijidudu vimeingia baadaye na vimepata joto. Kijidudu kimoja kinachogawanyika kila nusu saa huwa 4,096 baada ya saa sita. Nunua kipimajoto, upime debe linapofika na upime mashine kila baada ya saa tatu, uandike daftarini. Usijaze maziwa mapya juu ya masalio ya jana. Masalio hayo, hata yakiwa kikombe kimoja, ni mbegu, na wewe unayetengeneza mtindi unajua mbegu hufanya nini.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, na hukatika, usijiambie kwamba mteja atayachemsha. Mwaka 2000 nchini Japani, umeme ulikatika kwa takriban saa tatu kwenye kiwanda kimoja cha maziwa kisiwani Hokkaido. Maziwa yalikaa na joto, bakteria aina ya Stafilokokasi wakazaana na kutoa sumu. Maziwa hayo yalipashwa moto na kufanywa unga, bakteria wakafa, lakini sumu yao haifi kwa joto hilo, na miezi michache baadaye zaidi ya watu 13,000 waliugua walipokunywa maziwa yaliyotengenezwa kwa unga huo. Bakteria hao hukaa kwenye pua, kwenye vidonda vya mikono na kwenye kiwele kilichovimba. Ndiyo maana mtu mwenye kidonda kidoleni hapaswi kushika mfereji wala debe mpaka kipone, hata akifunga plasta, na ndiyo maana anayeshika pesa asishike mdomo wa chupa ya mteja. Cheti cha afya cha wafanyakazi ni takwa la sheria na maofisa wa afya ya umma wa kaunti watakiuliza, kama vile Bodi ya Maziwa ya Kenya itakavyouliza leseni yako na kukataa madumu ya plastiki ya mafuta ya kupikia. Lakini cheti hakioni kidonda cha jana, wewe ndiye unayekiona.

Kuna watakaokuambia utie matone ya haidrojeni peroksaidi ili maziwa yafike jioni. Usikubali. Ni marufuku, na yanaficha uchafu badala ya kuuondoa.

Mwisho, kabla hujatumia shilingi kubwa, hakikisha kasoro ni yako. Chemsha chupa tatu ndogo za kioo kwa dakika 10 na uziache zipoe zikiwa zimefunikwa. Chupa ya kwanza mpe dereva aijaze kwenye mfereji wa wenye maziwa kabla ya madebe kujazwa. Ya pili ijaze kutoka kwenye debe mara linapofika dukani. Ya tatu ijaze kutoka kwenye mfereji wa mashine yako, glasi ya kwanza kabisa ya siku. Ziandike namba, ziweke zote pamoja mezani bila friji, na kila baada ya saa moja chemsha kijiko kimoja cha kila chupa katika kijisufuria safi. Ikiwa ya tatu ndiyo inayokatika kwanza, rudi kwenye mfereji na raba. Ikiwa ya pili na ya tatu zinakatika karibu wakati mmoja na ya kwanza bado iko salama, madebe yako ndiyo yenye hatia, nayo siku ya asidi isichelewe. Na ikiwa zote tatu zinakatika pamoja mapema, basi shida inatoka Kilifi, na hilo ni neno la kuzungumza na wenye maziwa ukiwa umeshika daftari lako la joto mkononi. Fanya jaribio hilo siku tatu tofauti, kwa sababu debe moja chafu kati ya manne laweza kukudanganya siku ya kwanza, kisha niandikie ulichokiona.